Katoni ya Sindo

Kila asubuhi nilifagia sam, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofia madirishani, kisha nikabadilisha tarehe kwenye muhuri. Wakati huo Mzee Zadock alikuwa ameshakaa mezani pake na chai yake, hainywi mpaka nimsalimie. Asubuhi ya kufunguliwa kwa maktaba ya chuo iliyokarabatiwa, nilifagia hadi nikafika mahali pake, nikasimama. Kiti hakikuwepo. Meza pia haikuwepo. Pamewekwa kompyuta mbili.

Nilimkuta mlangoni, amepewa vibao vya namba vya kupokelea mikoba.

"Nyathina," akasema, ndivyo anavyoniita, mwanangu. "Usinitazame hivyo. Mikoba haipigi kelele kama wanafunzi."

"Umehamishwa lini?"

"Jana. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Nikishindwa kusimama hapa, nitaomba niende nyumbani mapema."

Mwezi uliopita Madam Orpah, mkutubi mkuu, aliniuliza kikaoni kama Mzee ataiweza kazi ya dawati jipya la kompyuta. Watu kumi na wawili walinigeukia. Niliinamisha kichwa nikachora mstari kwenye daftari, mstari tu. Madam akasema, "Haya, nimeelewa."

Saa nne utepe ukakatwa, kwaya ikaimba, wageni wakaingia. Nyuma yao alikuja mama mmoja amevaa nguo ya kanisani, ameshika kifurushi cha dagaa.

"Mama, omena wako watakaa na mimi," Mzee Zadock akamwambia, akimpa kibao. "Sitawaonja."

"Ukionja nitajua. Nimewahesabu."

Alipofika kwenye dawati letu, kicheko kilikuwa kimeisha.

"Naitwa Risper. Nimetoka Sindo. Msichana wangu Phanice aliandika kitabu hapa chuoni kabla hajafariki. Nimesikia leo kila mtu anaruhusiwa kuingia. Nataka tu kukiona."

"Kinaitwaje?" akauliza Joash, kijana wa kompyuta.

"Sijui."

Joash akaandika jina la Phanice. Hakuna kitu. Ripoti za utafiti za wanafunzi hazikuwa zimeingizwa bado. Zilikuwa chumba cha nyuma, katoni thelathini na kitu.

"Pole, mama. Labda urudi baada ya mwezi mmoja, miwili."

Mama Risper akasema sawa. Alisema kwa upole sana, kama mtu aliyezoea kuambiwa arudi, akageuka.

Nikaenda mlangoni karibu nikikimbia. Nilipomweleza, Mzee Zadock hakuniuliza jina la kitabu.

"Wa wapi?"

"Sindo."

Akaniachia vibao vyake, akaenda chumba cha nyuma. Miaka ishirini amekuwa akizipanga ripoti zile kufuata mji wa kwao mwanafunzi, Macalder peke yake, Rodi Kopany peke yake, na watu walimcheka. Yeye alisema wanaokuja kuziulizia ni wazazi, na mzazi hajui kichwa cha habari, anajua kwao. Maktaba ilipofungwa kwa ukarabati alizifunga kwenye katoni vilevile, akaandika majina ya miji kwa chaki.

Chai isingepoa kabla hajarudi. Alishika ripoti yenye jalada jekundu, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akampa mama kwa mikono miwili. Mama Risper akaweka kidole juu ya jina la mwanawe, akalisoma herufi moja moja. Alipolimaliza akalianza tena.

Wageni walikuwa wamesogea. Madam Orpah alikuwa mbele yao.

"Mzee, nani alikwambia uzipange hivi?"

"Wazazi, Madam."

Madam akanigeukia. "Lynnet. Mimi nilikuuliza siku ile."

Safari hii walionitazama walizidi kumi na wawili, na sikuwa na daftari mkononi, nilikuwa na vibao vya mikoba.

"Nilinyamaza kwa sababu naogopa watu, Madam, si kwa sababu hawezi. Kazi hii yote amenifundisha yeye. Kompyuta nitamfundisha mimi. Nilitaka kusema hivyo siku ile. Naomba mmrudishie kiti chake."