Gliserini Isiyonuka Asumini

Waliohudhuria katika maabara ya shule, Faza, asubuhi hiyo walikuwa wanne: Mwalimu Yassir wa kemia, wanafunzi wake wawili, Rumaisa na Amini, na Bi Mwanamkisi, mpika sabuni, ambaye gliserini yake, majimaji mazito yanayobaki sabuni ikishapikwa, ilikuwa ikimwagwa ufuoni kama taka.

Mvuke wa maji na gliserini ulipita juu ya nikeli, metali ya kuchochea mmenyuko, ndani ya bomba lililopashwa moto mkali, ili utoe hidrojeni. Rumaisa aliwasha kiberiti mdomoni mwa bomba, na gesi ikashika mwali wa buluu. Wanafunzi wakapiga makofi. Kesho yake walikuwa waende Amu kwenye mashindano ya sayansi.

Bi Mwanamkisi akainusa chupa ya gliserini iliyokuwa mezani.

"Mwalimu, hini si yangu. Sabuni yangu naitia asumini, hata mbuzi wa jirani waijua. Hini hainuki kitu!"

Amini alicheka. Yassir hakucheka. Mara tatu alikuwa ameijaribu gliserini ya mama huyo, na mara tatu chumvi ya kutenganishia sabuni iliiua nikeli, isichochee tena. Ndipo akanunua gliserini safi katika duka la dawa, asimwambie mtu.

"Basi yangu ni ya kumwagwa tu?" aliuliza Bi Mwanamkisi.

Yassir alizima moto.

"La, Bi. Aliyeshindwa kuiondoa chumvi ni mimi." Akawageukia wote. "Kesho twaenda Amu na nikeli iliyokufa, na tutaeleza kilichoiua. Chupa ya dukani itabaki hapa."