Zamu ya Bi Chiku

OMBI LA MCHEZAJI LA KUJIZUIA KWA HIARI KUSHIRIKI MICHEZO YA KUBAHATISHA KWA NJIA YA MTANDAO, nakala mbili, herufi kubwa, wino wa bluu tu... na hiyo hiari, Shamsa akawaza, ni hiari gani ya kupangiwa mpaka rangi ya wino, mtu umekuja kukiri kwamba umeshindwa kujizuia halafu unaambiwa ujizuie usiguse mstari wa kijisanduku, na kile kibao cha taa nyekundu juu ya kaunta ya kampuni bado kinasema arobaini na sita, yeye ameshika namba arobaini na saba, na arobaini na sita mwenyewe, yule kijana wa kofia, kashuka ngazi zamani na wala hakuaga, ila kibao hakina habari, kibao kinamngoja kama mchumba, na mpaka kimalize kungoja hakuna wa kuhudumiwa, ndio utaratibu, na chini kule Mtaa wa Kongo spika inabweka jero jero jero, soksi jero, na kibanda chake cha zipu na vifungo Narung'ombe kimefungwa tangu asubuhi, wateja wanasoma kufuli... "Shamsa, kiyoyozi hiki kitanitoa roho," akasema mama yake kwenye kiti cha pembeni, miguu yake haigusi chini vizuri, kanga mbili, daftari kwapani, Bi Chiku, miaka sitini na saba, mcheza kasino. Kasino! Litamke neno hilo Magomeni uone watu watakavyokutazama, Bi Chiku huyu, kijumbe wa mchezo wa akina mama tangu Shamsa yuko darasa la pili, wanawake ishirini na wawili wanamletea pesa kila wiki na kila Ijumaa mmoja wao anazibeba zote, hajawahi kumruka mtu zamu, hata wiki aliyofiwa na mume alitoka na eda yake hivyo hivyo mpaka ukumbini, akahesabu, akamkabidhi mwenye zamu, akarudi kulia... na Ijumaa hii, keshokutwa, zamu ni ya Bi Zamzam anayeezua bati ili aezeke upya, na pesa ya Bi Zamzam iko wapi, iko ndani ya akaunti ya kasino, mama kaitia jana alasiri, haijachezwa, imekaa tu inaitwa salio, na Shamsa kampokonya simu, imo kwenye pochi, inatetemeka kila baada ya dakika tano kama kifaranga, HONGERA SHAMSA, UMEPATA MIZUNGUKO ISHIRINI YA BURE. Shamsa. Siyo Chiku. Kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la Shamsa, na mama alipoona ujumbe unamwita Shamsa hakushtuka hata kidogo, "Mtaa mzima wananiita Mama Shamsa, na hao nikaona wamefupisha," ndivyo alivyojieleza jana, kwa heshima zote, na utafanya nini na mtu anayejieleza hivyo, utampiga? "Shikamoo bibi," yule kijana wa kaunta alikuwa amesema walipoingia, Ansbert, jina liko kifuani, tai imenyooka, "Marahaba baba, hujambo, watoto hawajambo?" na hana watoto wala pete, akacheka, akamgeukia Shamsa na uso mwingine, uso wa kwenye semina, "Dada, kampuni inathamini sana wateja wanaochukua hatua." "Mteja ni mama yangu." "Akaunti ina jina lako, dada." "Laini anatumia mama," na hapo Ansbert akainamisha kichwa, akashusha sauti kama mtu anayeuza kitu cha magendo, akamsukumia kijitabu, "Kasome kwanza swali la tisa, ukimaliza njoo uniambie tena nani anatumia." Na upole ule ndio uliomchoma, angekuwa mkali ungepata pa kumshikia... MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA, na aliyeyauliza mara kwa mara nani, hakuna duniani mtu anayeuliza hivi, Je, ni halali kucheza kasino mtandaoni? Ndiyo, iwapo kampuni ina leseni, tazama namba ya leseni chini ya ukurasa, haya, ipo, kweli ipo, imeandikwa kwa ajili ya sisimizi aliyekwenda shule, Je, nani anaruhusiwa? Mwenye umri wa miaka kumi na minane na kuendelea, na hapo penye kuendelea hawakuweka mwisho, mtu anaendelea mpaka sitini na saba, anaendelea mpaka anaingia kaburini na mizunguko mitatu ya bure, Je, nitachezaje kwa usalama? Weka kikomo, usichezee pesa ya matumizi, usicheze ukiwa na hasira, ah, basi mimi hapa ndiye salama kuliko wote, kwa hasira hii singecheza hata rede ya watoto, Kumbuka, cheza kistaarabu. Kistaarabu! Walivyomwambia mama acheze kistaarabu mama akacheza kistaarabu, anaoga kwanza, anajifunga kanga vizuri, anakaa kitako mkekani, anasema bismillahi, ndipo anabonyeza maembe na ndizi zizunguke, mwaka mzima, nyumba nzima wanamwona na simu yake wakidhani anasikiliza mawaidha, "Leo nimechuma," anasema wakati wa kula, "leo sikuchuma," na Shamsa anamwitikia, alhamdulillahi mama, akidhani ni habari za biashara yake ya ubuyu... "We mtoto, mbona unahema kama umekimbizwa?" "Nasoma, mama." "Soma kwa sauti na mie nisikie." Hapana, swali la tisa si la kusomwa kwa sauti, Je, naweza kucheza kwa akaunti au laini ya mtu mwingine? Hapana, ni kosa, akaunti itafungwa kwa uchunguzi na salio kushikiliwa hadi uchunguzi ukamilike, na uchunguzi wa wapi umewahi kukamilika kabla ya Ijumaa, na la kumi hili hapa, mchezaji aliyejizuia mwenyewe atarudishiwa salio lake siku hiyohiyo, na jina lake litawekwa kwenye orodha ya waliojizuia kwa miaka mitano. Basi ndiyo hiyo. Useme kweli, Bi Zamzam alale chini ya mbingu na mama awe kijumbe aliyekula zamu ya mtu, useme uongo, pesa irudi leo na wewe uandikwe. Wewe Shamsa! Wewe uliyemrudishia kaka yako Mudi mchango wa hitima ya baba mbele ya watu, bahasha na yote, kwa kuwa alikuwa ameipata kwenye mkeka wa kubeti mpira, ukamwambia baba hatasomewa kwa pesa ya kamari, ukajiona mtu, na Mudi akaichukua bahasha taratibu akaondoka hajala pilau... Mudi akisikia hili atacheka mpaka akae chini, na haki anayo. "Ila mama," akasema, na sauti ikatoka juu kuliko alivyotaka, hata Ansbert akainua macho, "hivi ulikuwa unatafuta nini humo?" "Humo wapi?" "Humo! Kwenye simu!" "Zamu yangu," akasema Bi Chiku, kama mtu aliyeulizwa anatafuta nini bombani, "wameandika ni mchezo. Mchezo si unatia, unangoja? Mie nimetia tangu Mfungo Mosi, nikaona nimekwisha tia nyingi, zamu ikaribie nitoke? Ndiyo nikaazima ya Zamzam ya siku moja, nisirukwe." "Mama, mle hakuna zamu." "Hakuna zamu vipi?" "Hakuna. Unaweza kutia mpaka ufe, haifiki." Bi Chiku akalitoa daftari kwapani, akaliweka mapajani, akakitazama kibao, akamtazama Ansbert na tai yake, akarudi kwenye kibao, "Mchezo hauna zamu," akasema polepole, "basi kijumbe wao ni mwizi," na kwa sauti, kwa kaunta, "Baba, we baba, kijumbe wenu ni nani? Nataka nimwone," na Ansbert akainyoosha tai yake, hilo kijitabuni halimo, swali la kwanza la maana kuulizwa ndani ya chumba hiki halimo... na Shamsa akataka kucheka, hasira ikakataa, hasira ilikuwa inageuka tu kama mtu kitandani, kwa sababu mama hakutamani, tangu jana anamwita kimoyomoyo mwenye tamaa, mzee asiye haya, kumbe alikuwa anaamini, alitia kwa watu asiowajua imani ileile anayotiliwa na akina Zamzam, na aliyewaruhusu watu hao wamfikie ni nani, nani aliyeweka kidole, siku ile ya kusajili laini, chini ya mwavuli pale Magomeni, kijana na kimashine chake, mama anaweka kidole gumba, kinakataa, anafuta kwa kanga, kinakataa, kumi vyote vikakataa, "Bibi, huna alama," kijana akasema, anacheka, na vingekuwaje na alama, miaka kumi na minne anafua mashuka ya gesti kule Ilala, magadi, maji ya moto, ada ya Shamsa, ada ya Mudi, mashuka ya watu wasiojulikana wamelala na nani, vidole vimelainika kama vya mtu ambaye hajawahi kushika kitu duniani, na Shamsa jua linamchoma, ana haraka ya kibandani, akasema, weka changu tuondoke. Hakuuliza hata mtu. Tuondoke... "Arobaini na saba si wewe?" "Bado, mama, ni arobaini na sita." "Huyo arobaini na sita hana adabu." JINA KAMILI LA MCHEZAJI. Sawa. NIMEKUWA NIKICHEZA TANGU. Mfungo Mosi, waelewe watakavyoelewa. SABABU YA KUJIZUIA, na mstari wenyewe mfupi, unatosha neno moja, wamekadiria aibu ya mtu ina sentimita saba, na hasira sasa ilikuwa na pa kwenda, ilikuwa imetulia, imekaa kitako, kistaarabu kabisa. Akaichomoa kalamu kwenye pochi. Nyeusi. "Wanataka bluu?" akauliza Bi Chiku, na mkono umekwisha ingia kwenye mgongo wa daftari, pale inapokaa kalamu ya kijumbe.

Kilichotokea ni hiki. Siku ya Jumatano, kati ya saa nne na dakika kumi na saa nne na dakika ishirini na moja asubuhi, kibao hakikutoka kwenye arobaini na sita. Shamsa, ambaye hajawahi kucheza, aliandika kwa herufi kubwa, nakala mbili, kwamba anacheza na ameshindwa kuacha. Kalamu alipewa na mama yake.