Nyumba ya Udongo ya Siwema

Mvua ilipoangusha ukuta kule Mbuji, dada yangu alikuwa ndani. Siwema, mwanawe wa miaka saba, alikuwa uani. Baada ya mazishi tulimleta huku Lundo, kando ya ziwa, kwa mama yangu, Bibi Lidia, mfinyanzi. Tangu siku ile mtoto hakusema neno.

"Mchapeni, atasema," Mama Erasmo, jirani, alishauri.

Dawa hiyo naijua. Tulinyweshwa wote shuleni, na mpaka leo tunaicheua.

Parokia ikamleta Notburga, mshauri wa watoto kutoka Mbinga. Alikaa chini kwenye matope, hakuuliza kitu. Siwema akachukua udongo wa bibi yake, akajenga nyumba, akaingiza gunzi la hindi, akaiponda kwa ngumi. Akajenga tena. Akaponda.

"Kucheza tu, na mshahara anapokea!" Mama Erasmo alicheka.

"Na wewe unayesengenya bure, umepata nini?" nikamjibu.

Notburga alisema taratibu, "Mwacheni. Hapa ukuta unaanguka anapotaka yeye."

Lakini mama yangu hakuvumilia. Siku moja aliiwahi nyumba ile kabla haijapondwa, akaikausha, akaichoma pamoja na vyungu vyake.

"Hii haivunjiki, mjukuu wangu."

Siwema akaipiga ngumi. Ikabaki imesimama. Akaficha mikono kwapani, na udongo hakuugusa tena.

"Bibi, umemfungia mchezo," Notburga alisema.

"Kumbe kupenda nako kosa?" Mama akageukia ukuta, akalia.

Asubuhi iliyofuata wadudu wa ziwa walipanda angani kama moshi. Maji na mbingu vilikuwa rangi moja, hujui mtumbwi unaelea wapi. Mama akaibeba ile nyumba hadi kwenye jiwe anaposagia vigae, maana unga wake huchanganywa na udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni. Akamkabidhi Siwema jiwe la mkononi.

Mtoto alimtazama sana. Kisha akapiga. Akapiga. Vumbi jekundu likawafunika miguu wote wawili, kama wanatembea juu ya wingu.

Wakakanda udongo pamoja. Nyumba ikainuka tena, safari hii na mlango mpana. Siwema akalitoa gunzi nje, akalilaza mchangani, akalifunika kipande cha kanga.

Mama Erasmo akapiga hodi.

"Shii," Siwema akasema. "Mama amelala."

Mimi, ninayefukuzwa mikutanoni kwa kelele, nikavua viatu, nikapita kimya.