Mawe Matatu Nyuma ya Mwamba

Mjukuu wangu aliingia jikoni na hema mgongoni. Alikuwa ametoka mlimani na bibi yake mzaa mama, yule tunayemwita Bibi Buti. Magoti yangu hayapandi tena hata ngazi, na wivu ulikuwa umenikaba siku mbili nzima.

"Mlilala wapi?" nikamuuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye viazi nilivyokuwa namenya.

"Tulitafuta mahali pasipo na njia wala watu, bibi. Tukaona kiuwanja nyuma ya mwamba mweupe. Maji unayasikia, lakini huyaoni."

Kisu kikasimama. Pale tulipagundua mimi na marehemu babu yake, na hatukumwonyesha mtu.

"Kumbe mmelala pale. Hongera zake huyo mwenye buti."

"Bibi, una wivu wewe!" akacheka. "Hatukulala pale. Tulikuta mawe matatu ya jiko yamelazwa kifudifudi, masizi chini. Bibi Buti akasema, 'Aliyeficha moto wake hivi hakutaka wageni. Twende mbele.' Tukalala kwenye mteremko, tukaviringika usiku kucha kama hivyo viazi vyako."

Babu yake ndiye aliyeyageuza mawe yale kila tulipoondoka. Na mwanamke wa miaka sitini na nane amelala mteremkoni kwa kuheshimu siri ya watu asiowajua.

"Mwambie pale ni pangu," nikasema. "Safari ijayo mlale palepale. Mkiondoka, mawe myageuze tena."

"Nimwambie na wivu wako?"

"Huo anaujua."