Mchuzi wa Mawifi Wawili

Meza ilinyooka katikati ya barabara kutoka benki hadi duka la dawa, magari yamefungiwa njia, na kila mgahawa wa mji umeleta sufuria yake. Waandaaji wa sherehe, kwa wema wao, wakaweka sharti: jioni hii wapishi wakae, wahudumiwe. Wema mwingine, bwana, ni adhabu! Mpishi mmoja alipokaa tu, ndipo miguu ilipoanza kumdai usingizi wa miaka.

Pembeni yake alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe na mshirika wake jikoni. Walikuwa wamenuniana tangu asubuhi. Wifi alinunua sufuria mpya, kubwa kiasi cha kuweza kumwogeshea mtoto, na mpishi badala ya kushukuru akafoka, "Ya nini sasa?" Alilotaka kusema lilikuwa jingine: kwamba amechoka, kwamba anataka wafunge mgahawa. Lakini utaanzaje kumwambia mtu hivyo, na mgahawa wenyewe aliuanzisha kaka yake? Akameza maneno, kama alivyoyameza tangu mazishi.

Jikoni kwao, aliyetia chumvi hugonga mfuniko kwa mwiko ili mwenzake ajue. Leo, kwa kununa, hakuna aliyegonga.

Mchuzi ulipopakuliwa, fundi cherehani aliyekaa mbele yao alionja, akatabasamu kwa shida, akavuta jagi la maji.

"Mtamu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Una nguvu."

Mpishi akaonja. Ulimi ukamkauka.

"Wifi, ulitia chumvi?"

"Nilitia. Kwani?"

"Na mimi nilitia."

Wakatazamana. Manahodha wengi chombo huenda mrama, wanasema. Hawa walikuwa wawili tu na chombo kilishazama. Wifi akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye hata na nguvu za kucheka. Mpishi naye akacheka, akacheka, mpaka akajikuta analia mbele za watu, na hakujali.

"Wifi, nimechoka," alisema. "Siwezi tena. Nataka tufunge. Unisamehe, najua ni jasho la kaka yako."

Wifi aliweka kijiko chini taratibu.

"Mimi nilichoka siku ileile tuliyotoka makaburini. Nikasema, huyu mjane kabakiwa na jiko tu, nikimwacha atashika nini? Basi nikawa naamka kwa ajili yako."

"Na ile sufuria?"

"Si ulilalamika ya zamani imetoboka? Nikajua bado una moyo wa kuendelea."

Alfajiri zote zile, moshi wote ule, kila mmoja alivumilia kwa sababu ya mwenzake, na hakuna aliyekuwa anautaka mgahawa. Mpishi alimwonea huruma wifi yake, akaionea na nafsi yake, na hasira kidogo ikamchoma kwamba hakuna wa kumlaumu.

Mwenyekiti wa sherehe alikuwa ameshika kipaza sauti, akiita migahawa mmoja mmoja, wenyewe wakisimama kupigiwa makofi. Ukaitwa wa kwao. Watu wakashangilia, hata fundi cherehani, wakageuza shingo kuwatafuta.

"Simama wewe, wifi," alinong'ona mpishi.

"Aa, simama wewe."

Mwenyekiti akasubiri kidogo, akakohoa, akaita mgahawa uliofuata.