Mkaguzi wa Barabara Yetu

Mhandisi Rwegoshora alikuja huku Mahurunga kukagua barabara yetu kwa ndege ndogo ya kukodi, maana gari lake lisingepita kwenye matope. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefunika bonde lote la Ruvuma. Rubani hakuona kitu, ndege ikajibwaga kwenye shamba langu la mihogo. Rubani akatoka mzima, mhandisi akavunjika mguu. Mihogo yangu hakuna aliyeiulizia.

"Iteni gari la wagonjwa!" mhandisi akafoka.

"Limekwama njiani tangu juzi, bosi," nikamwambia.

Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, tukambeba mabegani wanaume sita, mwendo wa saa nne, matope yakitufika magotini. Kila tulipoteleza alitutukana. Nikameza hasira. Nilijua leo barabara ameionja kwa mifupa yake mwenyewe, atakwenda kusema ukweli.

Wiki mbili baadaye mwenyekiti wa kijiji akatusomea ripoti aliyoiandika mhandisi akiwa hospitalini. Ndege haifai wakati wa ukungu. Barabara haihitaji matengenezo: hata katikati ya masika mgonjwa mmoja alipitishwa hapo, akafika salama.