Kengele ya Ijumaa

Kengele ya shule ilipoanza kulia mfululizo, fundi cherehani aliongeza sauti ya redio. Kila Ijumaa ilikuwa hivyo hivyo: watoto wanafanya mazoezi ya kukimbia mafuriko, wanapanda madarasa ya ghorofani, na wazazi wameombwa wapande nao. Nani ana muda huo? Mtu mzima pekee aliyeitikia alikuwa mama yake mwenyewe, kikongwe asiyeona vizuri, kwa sababu mjukuu wake, binti wa fundi, alimwapisha asikose. Kila Ijumaa alijikongoja na kifurushi chake cha dawa, mtaa mzima ukimcheka. Wakambandika jina, Bibi Mazoezi.

Aibu ilimfika fundi shingoni. Asubuhi hiyo, alipotoka, alimfungia mama yake ndani kwa kufuli la nje.

"Bado wanacheza tu?" mteja aliuliza, akijipima gauni.

"Waache. Jua lote hili, mafuriko yatoke wapi?"

Maji yakaingia chini ya mlango, ya rangi ya chai, yakachukua vitambaa vilivyokuwa sakafuni. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, mbali na macho yao. Fundi akasimama, mkasi mkononi. Kisha akakumbuka kufuli.

"Mama yangu!"

Alikimbia akilia kama mtoto, maji magotini, mara kiunoni. Alipofika nyumbani, mlango ulikuwa umeng'olewa. Kitanda kilielea, hakuna mtu. Alipapasa majini chumba kizima, akaita mpaka sauti ikamkauka. Jirani aliyekuwa juu ya paa ndiye aliyempigia kelele: "Nenda shuleni, wewe! Watu wote wako shuleni!"

Alipanda ngazi za shule. Mama yake alikuwa ameketi kwenye dawati la mbele, kifurushi mapajani, amelowa chapachapa.

"Mjukuu hakuniona kwenye mstari," bibi alikuwa akiwaeleza watu, "akamwambia mwalimu, mwalimu akanifuata. Mlango ulikuwa umekwama. Mbao zile zikipata unyevu, basi tena."

Watu wakaitikia, wakamshukuru Mungu. Fundi alibaki kizingitini.

Suruali ya mwalimu ilikuwa imejaa tope mpaka kiunoni. Alimsogelea fundi, akamwekea kufuli kiganjani, bado limefungwa, na kipande cha ubao kikining'inia. Binti wa fundi alikuwa amesimama hapo hapo, akilitazama.

"Mama," aliuliza, "kengele hukuisikia?"